Stesheni Yetu ya Gari Moshi: Somo la Historia na la Lugha

Mwalimu wetu mlezi wa Chama cha Kiswahili alipotutaka tuandike makala ya kufunza kitu kinachotoka hapa petu Mvita, wenzangu wengi walikimbilia Ngome ya Yesu. Sikuwalaumu, kwani Ngome inajulikana dunia nzima. Lakini mimi nilichagua jengo ambalo watu hulipita kila siku bila ya kuligeuzia uso. Jengo lenyewe ni stesheni ya zamani ya gari moshi, iliyo mwisho wa Barabara ya Haile Selassie. Ukitoka Mji wa Kale, vuka Barabara ya Digo, fuata njia hiyo moja kwa moja bila kupinda, na utajikuta mbele yake.

Katika makala haya nitaeleza mambo manne: jinsi reli ilivyokuja Mombasa, maneno iliyotuletea, sababu za jengo hili kuwa katika hatari, na yale tunayoweza kufanya sisi wanafunzi. Mwishoni nimeweka maswali ya zoezi, maana somo bila zoezi ni sawa na chai bila sukari.

1. Reli ilivyofika kisiwani

Kabla ya reli, safari ya kwenda bara ilikuwa ya miguu. Misafara ya wapagazi ilitoka pwani na mizigo kichwani, ikavuka nyika ya Taru isiyo na maji, na kuifikia Uganda baada ya miezi.

Waingereza waliitaka njia ya haraka zaidi. Mwaka 1890 kampuni yao ya Afrika Mashariki ilianza kutandaza reli nyembamba upande wa bara, lakini ilifika maili chache tu ikashindwa. Vyuma vyake havikutupwa. Vilitumiwa hapa kisiwani kwa magari madogo yaliyoitwa troli. Troli ilikuwa na kiti na kipaa cha kukinga jua, na ilisukumwa na watu kwa mikono juu ya reli. Wakubwa wa serikali na matajiri walikaa wakasukumwa kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Hizo ndizo zilizokuwa teksi za Mombasa mpaka magari ya mafuta yalipoziondoa katika miaka ya 1920. Nimezaliwa na kukulia Mji wa Kale, lakini sijapata kuona hata kipande kimoja cha reli hizo. Tafadhali likumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Mhandisi mkuu wa reli kubwa, George Whitehouse, aliwasili Mombasa mwezi wa Disemba 1895. Reli ya kwanza ilitandazwa tarehe 30 Mei 1896. Kazi ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Ili kutoka kisiwani, gari moshi lilivuka maji ya Makupa juu ya daraja lililopewa jina la Salisbury, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza.

Wafanyakazi waliotolewa Bara Hindi walikuwa karibu 32,000. Kati yao karibu 2,500 walikufa, wengi kwa maradhi. Wengine, kama tunavyosoma katika kitabu cha historia, waliliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898. Waliobaki Afrika Mashariki baada ya kazi walikuwa maelfu, na wajukuu wao ni majirani zetu na wanafunzi wenzetu.

Reli ilibadilisha mji wetu pia. Zamani uzito wa biashara ulikuwa Bandari ya Kale, kwenye majahazi yaliyokuja na pepo za kaskazi. Gari moshi lilipoungana na meli za Kilindini, biashara ilihama polepole ikatufuata kwa nyuma. Kwa hivyo anayetaka kujua kwa nini Mji wa Kale ulitulia namna hii, jibu moja wapo liko pale stesheni.

2. Maneno yaliyoshuka kutoka kwenye gari moshi

Sasa tuingie katika Kiswahili chenyewe. Mwalimu wangu wa somo hili ni babu yangu. Aliajiriwa na reli mwaka 1968, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa na shirika moja la reli na bandari. Alipanda cheo mpaka akawa gadi, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu. Nilikaa naye jioni nne na daftari langu, naye akanitajia maneno.

Gari. Neno hili limetoka kwa lugha za Kihindi. Lilipokutana na moshi wa makaa na kuni likawa gari la moshi, kisha gari moshi. Moshi ulikwisha zamani, injini za dizeli zilipokuja, lakini jina halikubadilika. Katika Kiswahili sanifu tunasema "gari moshi limefika". Hapa mitaani utasikia "gari imefika". Kwenye mtihani andika la kwanza.

Stesheni na kituo. Stesheni ni neno la Kiingereza lililovalishwa kanzu ya Kiswahili. Kituo ni letu wenyewe, kutokana na kitenzi tua. Mpagazi alipochoka alitua mzigo wake, na pale alipotua pakawa kituo. Ukilitamka neno hilo ukumbuke mabega ya watu walioitembea nyika kabla ya reli.

Gadi, tikiti na reli. Haya pia ni ya Kiingereza. Gadi ni mkuu wa gari moshi aliyekaa nyuma, mwenye bendera na filimbi. Wengi wetu twadhani dereva ndiye mkubwa. Babu asema dereva hakuthubutu kuondoka kabla ya gadi kuonyesha bendera ya kijani.

Hamali na kuli. Hamali limetoka Kiarabu na kuli limetoka Bara Hindi. Wote wawili ni wachukuzi wa mizigo. Mtu mmoja mwenye gunia moja begani aliitwa kwa lugha mbili za ng'ambo.

Karakana. Ni mahali pa kutengenezea mitambo. Neno hili lilianzia Uajemi, likapitia Bara Hindi mpaka kutufikia sisi.

Daraja. Tazameni neno hili lilivyo na mambo. Daraja ni kitu cha kuvukia maji, kama lile la Makupa. Daraja pia ni cheo au tabaka. Gari moshi lilikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu. Wakati wa ukoloni, la kwanza lilikuwa kwa desturi la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu la Waafrika. Gari lilivuka daraja likiwa limewagawanya watu kwa daraja!

Taruma. Hili ndilo lililonishangaza kupita yote. Mataruma ni zile mbao au vyuma vinavyolazwa chini ya reli ili zisiachane. Nilimuuliza babu neno hilo limetoka wapi, nikidhani ataniambia Uingereza au Bara Hindi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe mtoto wa Mvita waniuliza mimi taruma? Enda bandarini, katazame jahazi kwa ndani."

Nilikwenda. Fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza chombo alinionyesha mbao zilizoshikiza ubavu huu na ubavu huu, akaniambia, "Haya ndiyo mataruma." Basi nilisimama pale nikitazama. Reli ilipokuja, wazee wetu hawakungoja kufundishwa jina la kitu kile. Walitazama mbao zile chini ya chuma, wakaona mbavu za jahazi, wakaziita jina walilolijua. Kwa hivyo reli ilijengwa kwa amri ya wengine, lakini sehemu ya lugha yake ilitoka kwa mabaharia wetu.

3. Kwa nini nasema jengo limo hatarini

Mwezi wa Aprili 2017 gari moshi la abiria la njia ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi lilisimamishwa. Tarehe 31 Mei mwaka huo huo ilizinduliwa reli mpya, ambayo ni pana zaidi. Upana wa reli ya zamani ni mita moja, na ya mpya ni milimita 1,435. Safari ambayo zamani ilichukua usiku kucha sasa huchukua kama saa tano. Lakini stesheni ya reli mpya iko Miritini, nje ya kisiwa. Wakati huo nilikuwa darasa la pili, na nakumbuka tu watu wazima wakiulizana watafikaje huko na mizigo yao.

Stesheni ya kisiwani ikabaki bila wasafiri wa Nairobi. Na jengo lisilo na watu huharibika upesi kuliko linalotumiwa. Mvua hupata tundu moja la paa, maji huingia kwenye boriti, boriti huoza, na dari hufuata. Hakuna wa kuona, na akiona hana wa kumwambia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kweli, katika miaka ya karibuni kumefanywa kazi ya kufufua reli ya zamani kutoka kisiwani hadi Miritini, ili msafiri apande gari hapa mjini akaunganishe na treni ya Nairobi. Nimeifurahia habari hiyo, kwa sababu njia bora ya kuhifadhi stesheni ni kuitumia kama stesheni. Lakini hata matengenezo yana hatari yake. Fundi asiyeambiwa thamani ya kitu atang'oa mlango wa zamani atie wa vioo, atabandua kibao cha jina, na atachoma makaratasi ya ofisini akidhani ni takataka. Jengo laweza kubaki limesimama huku historia yake imetolewa kwa mkokoteni.

Tena kuna jambo la sheria. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990. Ndiyo sababu mtu hawezi kuamka tu akavunja roshani ya nyumba ya Ndia Kuu. Stesheni iko nje ya mpaka wa eneo hilo, kwa hivyo kanuni zinazolinda nyumba zetu haziifikii. Hata hivyo iko Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Hiyo humwezesha waziri, kwa kushauriana na Makumbusho ya Taifa, kulitangaza jengo lolote la kihistoria nchini kuwa turathi inayolindwa.

4. Hoja za wanaopinga

Nilipoisoma rasimu ya makala haya katika mkutano wa chama, wenzangu walinishambulia kweli kweli. Nitazitaja hoja zao kwa haki.

Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba stesheni ni kitu cha mkoloni, na tukiihifadhi tunamsifu yeye. Nilimjibu mwenzangu kwa kumuuliza Ngome ya Yesu ilijengwa na nani. Ilijengwa na Wareno, kuanzia mwaka 1593, ili watutawale. Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Hakuna jengo Mombasa lililotutesa zaidi ya lile. Lakini leo ni makumbusho, na tangu 2011 limo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Kulihifadhi hakukumsifu Mreno. Kumetuwezesha kumwonyesha mtoto ukuta wenyewe na kumwambia, "Haya yalitendeka hapa." Stesheni nayo ilibeba ubaguzi wa madaraja, na ilibeba jasho la hamali. Ikivunjwa, mkoloni hapotezi chochote. Wanaopoteza ushahidi ni wajukuu wa yule hamali.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba ardhi ya kisiwani ni ghali, heri pajengwe maduka. Ni kweli kisiwa chetu ni kidogo. Lakini jengo la zamani laweza kuleta fedha likiwa bado limesimama. Kule Paris kuna stesheni iliyofunguliwa mwaka 1900, ikaachwa, ikataka kuvunjwa, na mwaka 1986 ikafunguliwa upya kuwa makumbusho ya sanaa ya Orsay. Kule Madina, stesheni ya reli ya Hijazi, iliyofikiwa na gari moshi mwaka 1908, leo ni makumbusho, na mahujaji huitembelea. Hata Nairobi kuna makumbusho ya reli tangu 1971. Huko wameweka behewa ambalo ndani yake simba alimnyakua ofisa wa polisi aitwaye Ryall katika stesheni ya Kima mwaka 1900. Reli ilianzia Mombasa, lakini anayetaka kuiona historia yake hana budi kupanda gari aende Nairobi!

Hoja ya tatu ilikuwa kwamba vitu vya zamani huondoka, ndio ulimwengu. Mwenzangu huyo nilimrudisha kwenye zile reli za troli. Ziliondoka, na leo sisi watoto wa Mji wa Kale hatujui zilipita mlango wa nani. Hebu tuwatazame pia ndugu zetu wa Unguja. Walikuwa na reli yao kutoka mjini hadi Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905 na kufungwa katika miaka ya 1920. Ukiwaambia wenzetu wengi leo kwamba Unguja ilikuwa na gari moshi, watakuona mwongo. Kitu kikiondoka bila ya kuacha alama, baada ya miaka mia hata ukweli wake hugeuka hadithi.

5. Nilichojifunza mbele ya stesheni

Nitasema jambo moja langu mwenyewe, na mtaniwia radhi. Babu yangu siku hizi husahau. Mara nyingine huniita kwa jina la baba yangu. Jioni ya tatu nilimwomba anitajie stesheni za njiani kama alivyokuwa akizijua kazini. Alianza, "Mombasa, Changamwe, Mazeras..." kisha akanyamaza. Alijaribu mara mbili, akakasirika, akaniambia nifunge daftari.

Jumamosi yake nilimpandisha tuktuk mpaka stesheni. Hatukuingia ndani, tulisimama nje tu, njiani. Alilitazama lile jengo kwa muda, mkono mmoja umeshika bega langu. Halafu, bila ya mimi kumuuliza, akaanza: "Changamwe. Mazeras. Mariakani. Maji ya Chumvi. Samburu. Taru. Mackinnon Road. Maungu. Voi." Alizitaja polepole, kila moja na kituo chake, kama mtu anayehesabu abiria. Alipofika Voi akasema, "Hapa twapumzika kidogo," akanyamaza. Mwenye tuktuk alikuwa ameshazima injini.

Nyumbani maneno yale hayakutoka. Mbele ya stesheni yalitoka. Basi hapo nikafahamu kwamba jengo ni sehemu ya kumbukumbu ya watu waliolitumia, na kwamba Mombasa wako wazee wengi kama babu: wauza tikiti, mafundi wa karakana, mahamali, na mama waliopika chakula wakauza madirishani. Kila mmoja ana stesheni zake anazozijua. Wakiondoka wao na likaondoka na jengo, hatutakuwa na wa kumuuliza.

6. Tufanye nini?

Sisi ni wanafunzi, hatuna fedha wala cheo. Lakini kuna mambo matatu tunayoyaweza.

(a) Kila mwanachama akae na mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli au bandari, aandike angalau maneno kumi pamoja na maana zake. Maneno hayo tuyakusanye yawe kamusi ndogo ya chama chetu, na nakala moja iwekwe maktaba.

(b) Chama kiandike barua kwa Makumbusho ya Taifa kupitia ofisi zao za hapa Mombasa, kwa Kiswahili sanifu na adabu, kuomba stesheni itambuliwe kuwa turathi na matengenezo yafanywe kwa ushauri wa wataalamu. Mwalimu mlezi amekubali kuisahihisha.

(c) Tuombe pia kwamba chumba kimoja cha stesheni kiwe cha kumbukumbu: bendera ya gadi, filimbi, tikiti za zamani, picha. Gari lifanye kazi nje, na historia ikae ndani. Babu amesema filimbi yake ataitoa, kwa sharti apewe risiti.

Maswali ya zoezi

1. Eleza maana mbili za neno "daraja" na utunge sentensi moja inayotumia zote mbili.
2. Andika kwa wingi: "Behewa limeharibika na taruma limeoza."
3. Neno "kituo" limetokana na kitenzi gani? Taja nomino nyingine mbili zilizoundwa kutokana na vitenzi.
4. "Ngome ihifadhiwe, stesheni ivunjwe." Jadili kauli hii kwa ukurasa mmoja.
5. Nenda kamtazame fundi wa jahazi. Rudi na maneno matatu ambayo hayamo katika daftari lako.

Nawashukuru wote walionisaidia, hasa wale walionipinga, maana wao ndio walionifanya nisome zaidi. Atakayekuwa na neno la reli asilichelewe. Aniletee darasani, Kidato cha Tatu, dawati la karibu na dirisha.

Wassalaam.